Nimeitwa kwenye juri Uingereza: tukiona ushahidi haujatosha, tunaweza kudai mwingine?

Swali: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Reading, nafanya kazi ya kutunza wazee. Nimeletewa barua niende kukaa kwenye juri, wale watu kumi na wawili wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, katika Mahakama ya Crown, ile ya kesi nzito za jinai. Mwanzo nilidhani wamekosea maana sina pasipoti yao. Ninachotaka kujua ni hiki: kesi ikiwa inaendelea na tukaona kuna kitu hakijaletwa, tuseme picha za kamera ya duka la jirani, au kuna mtu anatajwa kila mara lakini haitwi kutoa ushahidi, tunaweza kumwambia jaji tunakitaka? Au ni kukaa kimya hadi mwisho?

Jibu: Marahaba, dada. Tuanze na barua: hawajakosea. Kwa Uingereza na Wales, Sheria ya Juri ya 1974 haimtaki mwanajuri awe raia. Inamtaka awe na umri wa miaka 18 hadi 75, awe kwenye daftari la wapiga kura, na awe ameishi nchini kwa miaka 5 au zaidi tangu atimize miaka 13. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi huko anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, na majina ya juri huchotwa humo kwa kubahatisha. Ndiyo maana Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda anaweza kuitwa akiwa na pasipoti yake ya nyumbani. Barua ijibu ndani ya siku 7. Ukiipuuza, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Sasa swali lenyewe. Kuuliza, mnaruhusiwa. Kuagiza, hapana. Tangu mnapoapishwa mnaweza kumwandikia jaji swali lolote, hata la kuomba ushahidi ambao haujaletwa, na hakuna atakayewakemea kwa kuuliza. Lakini juri haina mamlaka ya kumwita shahidi, kuwatuma polisi wakalete video, wala kumlazimisha wakili kueleza kwa nini hakuleta kitu fulani. Tena kadiri kesi inavyosonga ndivyo mlango unavyozidi kufungwa. Swali lililowezekana Jumanne shahidi akiwa kizimbani linaweza kuwa limeshapitwa kabisa Ijumaa mkiwa chumbani kwenu mnajadili.

Hali hii inatokana na namna kesi za Kiingereza zinavyoendeshwa. Mahakama haichunguzi. Upande wa mashtaka unaamua ulete nini, upande wa utetezi unaamua ulete nini au usilete chochote, na jaji anasimamia kanuni. Jaji mwenyewe ana uwezo wa kumwita shahidi ambaye hakuna upande uliomwita, ila anautumia kwa nadra sana, kwa sababu akifanya hivyo anaonekana kama ameingia uwanjani kusaidia upande mmoja. Ng'ambo ya pili ya bahari, Ufaransa, ni tofauti: kwenye mahakama ya makosa makubwa wanajuri huomba ruhusa kwa jaji kiongozi kisha wakamuuliza shahidi wenyewe kwa mdomo, mradi wasioneshe wanaelemea wapi. Reading hutafanya hivyo. Ukinyanyuka na kumuuliza shahidi moja kwa moja, jaji atakukatiza kabla sentensi haijaisha.

Njia ni kikaratasi. Mezani kwenu kutakuwa na karatasi na kalamu. Unaandika swali lako na kulipitisha kwa mhudumu wa mahakama, yule mwenye joho jeusi asiye na wigi, anayewaingiza na kuwatoa. Ikiwa shahidi anaelekea kumaliza na bado unaandika, inua mkono ili jaji ajue kuna jambo. Akishamruhusu shahidi aende zake, kumrudisha ni kazi. Mhudumu anampelekea jaji. Jaji anasoma kimya, kisha kwa kawaida anawaonesha mawakili wa pande zote mbili. Hapo mnaweza kutolewa nje dakika kadhaa, na wengi hudhani wamekosea. Hamjakosea. Mawakili wanabishana kisheria kama swali linafaa, na mabishano hayo hamtakiwi kuyasikia. Mkirudi, moja kati ya mambo matatu hutokea: jaji anamuuliza shahidi, au wakili mmoja anaulizia, au mnaambiwa kwamba hilo halitajibiwa na msilijengee dhana.

Andika fupi, jambo moja kwa sentensi moja, na liwe kuhusu kitu ambacho shahidi aliyepo anaweza kukijua. "Je, shahidi alikuwa umbali gani kutoka mlangoni alipomwona mtu huyo?" ni swali zuri. "Taa ya barabarani ilikuwa inawaka?" ni zuri pia. "Kwa nini mshtakiwa anatudanganya?" ni balaa, kwa sababu linaonesha umeshaamua kabla ya kusikia upande wa pili, na wakili wa utetezi anaweza kuomba wewe, au juri nzima, iondolewe. Kesi ya wiki mbili ikianza upya kwa sababu ya kikaratasi kimoja, hakuna anayefurahi.

Chukua mfano wako wa kamera ya duka. Mkisubiri hadi mwisho na kuandika "tunataka picha za kamera ya duka la jirani," jibu mtakalopata karibu lazima liwe: ushahidi mliousikia ndio wote, hakuna mwingine. Lakini mkiuliza siku ile askari mpelelezi yupo kizimbani, mkaandika "Je, duka la jirani lilikuwa na kamera, na kuna aliyeomba picha zake?", hamjaomba video, mmeomba taarifa, na askari ataijibu chini ya kiapo. Pengine kamera ilikuwepo lakini mfumo ulishajifuta kabla polisi hawajafika, maana mifumo mingi hufuta picha zake yenyewe baada ya wiki chache. Pengine ilielekezwa upande mwingine. Pengine hakuna aliyekwenda kuuliza. Jibu lolote kati ya hayo sasa ni ushahidi, na mnaweza kulipima pamoja na mengine. Hiyo ndiyo tofauti ambayo wanajuri wengi huikosa.

Na kikaratasi hicho kinaweza kuamsha mawakili. Sheria ya 1996 ya mwenendo wa makosa ya jinai na upelelezi inautaka upande wa mashtaka uupe utetezi kitu chochote kilichopatikana kwenye upelelezi ambacho huenda kikadhoofisha mashtaka au kusaidia utetezi, hata kama hautakitumia mahakamani. Kwa hiyo mara nyingi mawakili wote wawili wanajua kipo au hakipo, na wamekwisha kuamua. Swali lenu likiwafanya waone kwamba jambo walilolidharau linawasumbua watu kumi na wawili, wanaweza kukubaliana kuwaletea maelezo mafupi ya maandishi yaitwayo mambo yaliyokubaliwa, ambayo kisheria huhesabika kama ushahidi bila shahidi kuja. Uamuzi ni wao, si wenu.

Mtu anayetajwa kila mara bila kuitwa ni kisa kigumu zaidi. Anaweza kuwa amefariki, yuko hospitalini, ameondoka nchini, au pande zote mbili zinamwogopa kwa sababu hakuna anayejua atasema nini. Mkiuliza, jaji huenda akawaambia tu kwamba hamtamsikia na msikisie angesema nini. Kauli hiyo inaudhi. Ielewe hivi: kukisia ni kuingiza ushahidi ambao haupo, tena ambao mshtakiwa hana nafasi ya kuujibu.

Kuna pia vitu ambavyo vipo na mmefichwa kwa makusudi ya kisheria. Jaji anaweza kukataa ushahidi wa mashtaka ambao ungeifanya kesi isiwe ya haki, kwa kifungu cha 78 cha sheria ya polisi na ushahidi wa jinai ya 1984. Ungamo lililopatikana kwa ukandamizaji halifiki kwenu, hata kama pengine ni la kweli. Hicho ni kifungu cha 76. Makosa ya zamani ya mshtakiwa yanaingia tu yakipita kwenye milango iliyowekwa na Sheria ya Haki ya Jinai ya 2003, na maneno ya mtu asiyekuwepo mahakamani yana milango yake katika sheria hiyohiyo. Kwa hiyo jaji akiwajibu kwa ufupi mno, usifasiri ufupi huo. Hauna maana kwamba kuna siri ya kumwangamiza mshtakiwa, wala kwamba polisi wamezembea. Jaji hawezi kuwaeleza sababu bila kuwaambia kile alichokizuia.

Hapa ndipo ningetaka ukae kidogo, dada, kwa kuwa swali lako limebeba dhana kwamba ushahidi usiotosha ni tatizo la juri kulitatua. Si lenu. Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka peke yake, na jaji atawaambia mnaweza kumtia mtu hatiani pale tu mnapokuwa na uhakika. Mkifika mwisho mkasema "laiti tungeona ile video tungejua," basi mmeshajijibu: hamjui, hamna uhakika, na uamuzi kwa shtaka hilo ni kwamba hana hatia. Kama ushahidi mwingine unawatosha bila video, basi video haikuhitajika. Pengo lenyewe mnalipima, hamlijazi. Nimeliweka hili mbele ya yale ya chumbani kwa sababu maombi mengi ya kuongezewa ushahidi yangetoweka kama watu wangelishika mapema. Mshtakiwa akichagua kutotoa ushahidi ni suala la pembeni lenye kanuni zake: chini ya sheria ya haki ya jinai na utulivu wa umma ya 1994 jaji anaweza kuwaruhusu mchukulie ukimya huo dhidi yake, lakini haruhusiwi kutiwa hatiani kwa sababu ya ukimya peke yake au hasa kwa sababu hiyo.

Jaji akishafanya majumuisho, yaani kuwaeleza sheria na kuwafupishia ushahidi, na mkaingia chumbani, kanuni inabana: ushahidi mpya haupokelewi tena. Katika kesi ya Owen ya 1952 juri ilirudi na swali, shahidi akaitwa tena kulijibu, na rufaa ikatengua hatia. Mahakama ya Rufani imelegeza uzi kidogo tangu wakati huo kwa mazingira ya nadra, lakini wewe panga kana kwamba ushahidi mpya hauji.

Mnachoweza kuomba mkiwa chumbani ni kukumbushwa mlichokwisha kukisikia na kukiona, na hicho si kidogo. Vielelezo kama picha, ramani na nyaraka kwa kawaida mtakuwa navyo. Mnaweza kuomba kurudiwa maneno ya shahidi: hamtapewa nakala ya mazungumzo yote, bali mtarudishwa mahakamani na jaji atawasomea kutoka kwenye kumbukumbu yake. Ombeni sehemu mahususi ("alichosema shahidi wa tatu kuhusu saa aliyofika nyumbani"), la sivyo mtasomewa kwa saa nzima. Mnaweza kuomba tena video ya kamera iliyooneshwa. Video ya mahojiano ya mtoto au shahidi mwingine aliye dhaifu ina tahadhari zaidi: ikirudiwa, huoneshwa mahakamani mbele ya jaji na mawakili, na jaji huwakumbusha pia majibu yake alipohojiwa na utetezi, ili sauti ya upande mmoja isiwe ya mwisho masikioni. Na sheria yenyewe mnaweza kuiulizia mara nyingi kadiri mnavyohitaji. Maswali ya sheria hujibiwa vizuri kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndiyo watu huona haya kuyauliza.

Angalia vifaa. Kwenye kesi ya Stewart na Sappleton, iliyoripotiwa 1989, juri iliomba mizani baada ya kuingia chumbani, ikapewa, na hatia ikatenguliwa. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Maggs, Mahakama ya Rufani ikasema futi ya kupimia au lenzi ya kukuzia havina tatizo. Mstari unapita hapa: kifaa cha kukusaidia kuona kielelezo vizuri kinakubalika, kifaa cha kufanya jaribio ambalo hakuna shahidi wala wakili aliyeliona, hapana. Kupima kwa mizani kunaleta takwimu mpya ambayo mshtakiwa hakupewa nafasi ya kuipinga. Kuzuru eneo la tukio kuna mantiki hiyohiyo. Inawezekana, lakini iombeni wakati ushahidi bado unaendelea, na mtakwenda wote kumi na wawili pamoja na jaji.

Katika kikaratasi cha chumbani msiandike kamwe hesabu ya kura. "Tumegawanyika, naomba mtusomee tena ushahidi wa daktari" inatosha. "Tisa wanasema ana hatia, watatu hatutaki" haitakiwi, na jaji hataisoma hadharani. Mwanzoni uamuzi lazima uwe wa wote. Jaji hawezi kukubali uamuzi wa wengi kabla ya saa mbili za majadiliano, na kwa mazoea huongeza dakika 10 za kupanda na kushuka ngazi. Baada ya hapo anaweza kukubali 11 kwa 1 au 10 kwa 2.

Kitu kimoja kinachowapeleka wanajuri jela ni kujitafutia ule ushahidi walionyimwa. Tangu marekebisho ya 2015, Sheria ya Juri inalifanya kuwa kosa la jinai, hadi miaka 2 gerezani, kutafuta kwa makusudi taarifa ambayo unajua au ulipaswa kujua inaweza kuihusu kesi. Sheria inataja njia zenyewe: kumuuliza mtu, kuingia kwenye intaneti, kwenda kukagua mahali au kitu, kufanya jaribio, au kumtuma mwingine akutafutie. Kwa hiyo kupita kwa makusudi mbele ya lile duka jioni kuona kamera imeelekea wapi ni kosa. Kumwomba mume akugoogolie jina la mshtakiwa ni kosa. Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2012, mwanajuri mmoja wa Luton alifungwa miezi 6 kwa kutafuta habari za mshtakiwa na kuwasimulia wenzake. Na 2005, katika kesi ya Karakaya, hatia ilitenguliwa baada ya karatasi zilizochapishwa kutoka intaneti kukutwa kwenye chumba cha juri. Ukiona mwenzako anafanya hivyo, mwandikie jaji siku hiyohiyo, kabla ya uamuzi.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Tuseme kuna ujumbe wa simu wa Kiswahili uliotafsiriwa na mkalimani wa mahakama, nawe unaona tafsiri si sawa. Usiwatafsirie wenzako chumbani. Ukifanya hivyo umekuwa shahidi usiyeapishwa na usiyeweza kuhojiwa. Mwandikie jaji mara tu unapoliona: taja ukurasa, taja sentensi, sema unaelewa lugha hiyo na una wasiwasi na tafsiri. Mawakili watalishughulikia na mkalimani akiwa bado anapatikana. Marekani jambo hili lilifika Mahakama Kuu kabisa, katika Hernandez dhidi ya New York ya 1991: mwendesha mashtaka aliwaondoa waliojua Kihispania kwa hoja kwamba hakuwa na hakika kama wangeshika tafsiri rasmi, na mahakama ikamkubalia.

Kwa kuwa wasomaji wengine wako huko Marekani, wasichukue haya yote kama yalivyo, kwani kila jimbo lina utaratibu wake. Arizona tangu 1995 inawaruhusu wanajuri kuandika maswali kwa mashahidi. Texas ilizuia hilo kwenye kesi za jinai kwa uamuzi wa Morrison wa 1992, na Minnesota ikafanya vivyo hivyo kwa Costello mwaka 2002. Huko Texas hata kusomewa tena ushahidi kuna sharti: juri iseme kwamba inabishana juu ya kile shahidi alichosema, na itaje ni jambo gani. Ushahidi mpya baada ya juri kuingia chumbani, kote huko, usiutarajie.

Na usilinganishe nafasi yako na ya washauri wa mahakama wa kwetu, wale wazee wa baraza. Kwa sheria ya ushahidi ya Tanzania wao huuliza maswali kupitia kwa jaji au kwa ruhusa yake, ya kufafanua tu, na Mahakama ya Rufani imewahi kubatilisha kesi, Mathayo Mwalimu ikiwemo, kwa sababu washauri walimhoji shahidi kana kwamba wao ni wakili wa upande wa pili. Maoni yao hayamfungi jaji. Kenya iliwafuta mwaka 2007. Wewe Reading unaamua mwenyewe na wenzako kumi na mmoja, na jaji hana kura.

Mkishatoa uamuzi na kuruhusiwa kwenda, marufuku ya kutafuta habari inakwisha. Unaweza kusoma gazeti na kujua mliyofichwa. Marufuku ya kueleza yaliyosemwa chumbani, nani alisema nini na nani alipiga kura ipi, haina tarehe ya mwisho. Hata mume usimwambie.